Likizo ya Wawili, Chakula cha Tumbili

Sisi watu wa Ruiru tukitaja likizo huwa tunataja mbali. Mara, Diani, Amboseli. Waliojaliwa zaidi huvuka mipaka hadi Maporomoko ya Victoria na mbuga ya Kruger kule Afrika Kusini, wakarudi na picha za wapenzi waliokumbatiana, tembo nyuma yao. Sijamsikia mtu akifika kazini Jumatatu na kutangaza kwamba likizo yake aliila Thika. Thika huendwa kwa shughuli: kupeleka gari kwa fundi, kufuatilia hati ya shamba, kumrudisha mtoto bweni. Mimi na Baba Watoto tulikwenda kupumzika, watoto wakabaki kwa shosho yao, na sababu yetu haikuwa na ushairi wowote. Thika ndiko mfuko ulikotufikisha.

Nasema bila aibu: ukitaka kumwogopa mnyama, nenda Mara. Ukitaka kumcheka, na yeye akucheke, panda matatu ya Thika. Simba wa Mara hana habari nawe. Amelala chini ya mti, magari yamemzunguka, watu wananong'ona kana kwamba wako matangani, anapiga miayo, basi. Mnyama wa Thika anakujua. Anajua ni mfuko upi wenye chakula, anajua nani kati yenu wawili ni mwoga, na anajua kwamba anayepiga picha amebakiwa na mkono mmoja tu wa kulinda sahani.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1907 Winston Churchill alipita pande hizi akifuata simba. Mwaka 1909 akaja Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, akakaa katika shamba la Juja la Mmarekani mwenzake, William Northrup McMillan, na kuwinda viboko mtoni. Nyati aliwafuata kwenye matete ya mto Kamiti, jirani kabisa na Ruiru ya leo. Siku hizi ukimtajia mtu Kamiti, kinachomjia akilini ni gereza. Kati ya ziara hizo mbili, mwaka 1908, hoteli ya Blue Post ilifunguliwa Thika, katikati ya mito miwili, maporomoko ya Chania upande huu na ya Thika upande ule, ili wasafiri wapate pa kupumzisha miguu. Nyati wa Kamiti wamekwisha. Mahali pao pana nyumba za kupanga za ghorofa na vibanda vya kusajili laini za simu. Wanyama waliosalia kati yetu ni wale waliofaulu mtihani mgumu kuliko wa bunduki, nao ni wa kuishi na binadamu.

Tumbili alifaulu kwa alama za juu kabisa. Tuliketi katika mkahawa mmoja wa kando ya mto, ambao sitautaja kwa sababu wenyewe hawakukosa lolote: meza chini ya miti, maji yakinguruma ng'ambo. Baba Watoto aliagiza nyama choma, kachumbari, na sahani ya chipsi ambayo alisema ni yetu wote, maana yake ni yake. Mhudumu alipoleta chakula alitoa manati mfukoni na kuilaza mezani kando ya kikopo cha chumvi, kama mtu anayepanga uma na kisu.

"Hii ni ya nini?" Baba Watoto akauliza.

"Ya kuonyesha tu, mzee. Hata jiwe haina. Mkiiweka hapo hawashuki."

"Na wakishuka?"

"Mniite."

Walishuka. Wa kwanza alikuwa mdogo, akaketi juu ya mgongo wa kiti kilichokuwa wazi mbele yangu, mikono magotini, mpole kama mgeni aliyechelewa harusini. Tukamtazama. Ndiyo kazi aliyotumwa. Nyuma ya Baba Watoto likaja dume zima, na tumbili dume akishapevuka huwa na sehemu za siri za buluu inayong'aa, rangi ambayo mume wangu alikuwa ameisifu dakika chache kabla kuwa ni maajabu ya Mungu. Dume halikuanza na chipsi. Lilichukua kwanza kile kipakiti cha tomato sosi, likang'ata pembe, likafyonza, likakitupa. Kisha likapakata sahani. Baba Watoto alinyakua manati na kuivuta hadi sikioni. Tumbili akamwangalia, akaiangalia manati, akaendelea kula.

Mhudumu alitoka jikoni bila silaha yoyote. Alitia tu mkono mfukoni, na kundi zima likapaa mitini.

"Mimi wananijua," alisema akiokota vipande vya sahani. "Siku nikiwa ofu, wanakula na wageni."

Wataalamu walishatueleza kwamba viumbe hawa si wa kudharauliwa. Robert Seyfarth na Dorothy Cheney waliwachunguza tumbili wa Amboseli, papa hapa Kenya, na mwaka 1980 wakachapisha matokeo ambayo husomwa vyuoni hadi leo. Tumbili akimwona chui hutoa mlio mmoja, na wenzake hukimbilia mitini. Akimwona tai hutoa mlio mwingine, nao hutazama juu na kujificha vichakani. Akimwona nyoka hutoa wa tatu, nao husimama kwa miguu miwili na kukagua nyasi. Watafiti walirekodi milio hiyo na kuicheza kwenye spika zilizofichwa, ambapo hapakuwa na chui wala nyoka, na tumbili wakafanya vilevile. Nilimweleza Baba Watoto haya yote huku akikitazama kiganja chake kitupu. Akasema watafiti hao walitoka Amboseli mapema mno, kwa sababu kuna mlio wa nne, wa chipsi.

Kisha akanigeukia mimi. Mbona nilikaa tu? Mbona sikuwafukuza?

Hapo nilikuwa na jibu lenye ushahidi wa Bunge. Mwaka 2007, katika kijiji cha Nachu, kule Kikuyu katika kaunti yetu ya sasa ya Kiambu, tumbili waliwashinda wanawake nguvu mashambani. Kina mama walisema wanyama hao wanawatambua. Mwanamume akitokea, wanatoroka. Mwanamke akitokea, wanaendelea kuvuna mahindi na maharagwe, na wengine wanamdhihaki kwa ishara za mwilini ambazo gazeti la familia haliwezi kuzieleza. Kina mama wakavaa suruali na kofia za waume zao ili kuwadanganya. Haikufaa kitu, tumbili walitazama wakaona ni walewale. Mbunge wa eneo hilo wakati huo, Paul Muite, alilifikisha jambo hilo bungeni akiomba Shirika la Wanyamapori nchini, KWS, liingilie kati. Waheshimiwa wakaangua kicheko. Wanakijiji wa Nachu hawakucheka, maana mazao yao yalikuwa yamekwisha na sheria iliwakataza kumuua hata tumbili mmoja.

"Kwa hivyo mimi ndiye wangeniogopa," Baba Watoto akasema.

"Ndiyo. Na wewe ndiwe uliyekuwa na manati."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Tuliagiza chipsi nyingine, tukazila ndani, karibu na kaunta.

Maji yaliyokuwa yakinguruma pale nje yana kisa chake cha tumbili. Chania huingia mto Thika, Thika humwaga maji yake katika bwawa la Masinga, na kutoka Masinga maji hushuka na mto Tana kupitia Kamburu hadi kituo cha umeme cha Gitaru. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo hicho akaanguka juu ya transfoma. Mashine zikajizima moja baada ya nyingine, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakaa gizani kwa saa tatu na zaidi. Kampuni ya KenGen ilitoa taarifa rasmi na picha ya mshukiwa. Mshukiwa alikuwa hai, ameketi. Akachukuliwa na KWS. Nakumbuka siku hiyo vinyozi wa Ruiru walivyosimama nje ya vibanda vyao, mteja kanyolewa nusu kichwa, wote wakidhani ni siasa.

Usiku wetu wa kwanza ulikuwa mtulivu. Alfajiri haikuwa. Kwarara, yule ndege wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda ambaye wengi humwita hadada kwa sauti yake, aliamua kupita juu ya paa la nyumba ya wageni akiwa na jamaa zake wote. Ruiru tunaye pia, katika mashamba ya kahawa, lakini nyumbani kuna matatu za kumfunika. Baba Watoto aliruka kitandani akitafuta funguo za gari. Alidhani ni kengele ya gari linaloibwa. Hatuna gari.

Mwewe nitamtaja kwa ufupi kwa sababu alichofanya kilikuwa kifupi. Tulikuwa tukitembea mjini, sambusa mkononi. Palikuja upepo. Sambusa haikuwepo. Hakuna kucha iliyonigusa, hakuna manyoya yaliyodondoka. Mtoto yeyote aliyesoma shule ya Nairobi yenye uwanja wazi atakwambia kwamba chakula huliwa chini ya paa, na nilipaswa kumsikiliza mwanangu.

Kutoka Thika mjini unashika barabara ya Garissa, kisha unakata kwenda Donyo Sabuk, na hapo ndipo yalipo maporomoko ya Fourteen Falls, ambako mto Athi hugawanyika juu ya mwamba mpana na kudondoka kwa mikondo mingi kwa pamoja. Mtu wa Ruiru akisimama hapo anatazama maji ya kwao. Mto Ruiru huishia Athi, na mto Nairobi vilevile, ndiyo maana maporomoko haya hupendeza macho na kuadhibu pua. Povu jeupe lile si la maji peke yake. Lakini viboko wanaishi juu ya maporomoko, katika maji hayohayo yaliyopita chini ya madaraja yetu, na sidhani kuna mnyama Kenya anayejua siri za Nairobi kama kiboko wa Athi.

Vijana wa pale wana kazi zao: wapo wanaoruka kutoka juu ya mwamba ukiwalipa, na wapo wanaovusha watu kwa mashua. Mmoja alitufuata.

"Auntie, niwapeleke muone kiboko? Mkikosa kumwona sitaki pesa."

Tulikubaliana bei, tukapanda. Alitupeleka taratibu hadi sehemu maji yalipotulia, akaonyesha kwa kidole. Baba Watoto alitazama akasema lile ni jiwe. Kijana akasema ni kiboko. Tukalitazama jiwe. Likabaki jiwe. Baba Watoto, ambaye alikuwa bado ana uchungu wa manati, akasimama kwenye mashua na kuanza kueleza kwa nini hatalipa: kwamba yeye si mgeni, kwamba amezaliwa hapo tu Gatundu, kwamba jiwe analijua akiliona. Alikuwa amefika kwenye haki za mlaji wakati jiwe lilipopumua. Lilipuliza maji juu, likafungua masikio mawili madogo, likayatikisa. Sijawahi kumwona mtu mzima akiketi haraka namna ile bila kusukumwa. Kijana hakucheka. Alipiga kasia moja tu la kurudi nyuma, akasema kwa upole, "Ongeza ya jiwe, mzee."

Mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao wengi huuita Kilimambogo, unaonekana kutoka kila upande wa Thika na hata kutoka Ruiru siku ya anga safi. Una urefu wa mita 2,145, na ni mbuga ya taifa tangu 1967. Malipo ni kwa eCitizen, si pesa taslimu. Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja ni marufuku katika mbuga zote za taifa tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo maji tuliyonunua stendi yaliishia langoni, na Baba Watoto akanywa lita nzima papo hapo kuliko kuitupa. Uamuzi huo aliulipia njiani.

Kutembea kwa miguu kunataka askari mwenye bunduki, kwa sababu nyati ambao Roosevelt aliwafuata Kamiti wana binamu zao hapa, na hawa hawajahama. Askari wetu alikuwa kijana mtaratibu, mwenyeji. Alitupa sheria moja.

"Mkiona nyati, msikimbie hadi niwaambie."

"Na ukikimbia wewe?" Baba Watoto akauliza.

"Basi hapo nitakuwa nimewaambia."

Barabara hupanda msituni karibu kilomita 9 hadi kileleni. Tulikuta mavi ya nyati yakiwa mabichi kabisa. Askari aliyachokoa kwa kijiti akatazama vichaka, akatuambia tuzungumze kwa sauti ili wasishtuke. Mtu akiambiwa azungumze kwa sauti msituni hana la kusema. Baba Watoto akaanza kuhesabu madeni yetu, kwa sauti kubwa, moja baada ya jingine, na ndivyo nilivyopata habari za mkopo wa chama ambao sikuujua. Tulipokuwa tukilijadili hilo, mbwa akabweka kichakani, karibu sana, kwa ukali.

"Nani ameleta mbwa huku?" akanong'ona. Alikuwa tayari nyuma yangu, mikono yote miwili mabegani mwangu, akinielekeza mbele kama toroli.

Askari alicheka hadi akaegemea mti. Alikuwa ni pongo, swala mwenye mistari na madoa meupe, mpenda vichaka na mpweke. Pongo akiona hatari hubweka kama mbwa. Yaani yeye ndiye aliyetuogopa.

Nyati wa kweli tulimkuta kwenye kona, fahali mzee, amesimama katikati ya barabara, matope yamemkaukia mgongoni. Hapa hapakuwa na kicheko. Nyati dume huweza kupita kilo 700, na mzee aliyetengana na kundi ndiye mbaya zaidi. Askari alishika bunduki lakini hakuinyanyua. Alimsemesha kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayemwomba mzee wa kijiji apishe gari. Fahali alitafuna. Alitutazama mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayekagua risiti. Kisha akaingia msituni, na kwa mwili wote ule hatukusikia hata kijiti kikivunjika.

Karibu na hapo kuna makaburi ya McMillan na mkewe Lucie, yule aliyemjengea mumewe kumbukumbu ya maktaba jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931. Bwana huyo alifariki mwaka 1925, na husimuliwa kwamba alitaka azikwe kileleni. Lakini alikuwa mnene kupita kiasi, mteremko ni mkali, na msafara wa mazishi ukashindwa kuendelea, akazikwa ulipokwama. Bibi alimfuata mwaka 1957. Baba Watoto, mwenye lita ya maji tumboni, alikaa kwenye nyasi akihema, akasoma jina, akasema anamwelewa mzungu huyu kabisa. Tukageuza. Kilele tulikiona kwa mbali, na askari alikubali kwamba hakijaenda popote.

Kuna upande ambao hauchekeshi, na mwandishi anayeuficha anawadanganya wasomaji wake. Wakulima wanaopakana na mlima hulinda mahindi mchana kutwa dhidi ya nyani, na mara nyingi anayelinda ni mtoto aliyestahili kuwa darasani. Upande wa Juja, fisi wanaojificha kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa wameshaua watu. Mkazi wa kule hataki kusikia hadithi zangu za tumbili. Na tumbili mwenyewe hakuzaliwa akijua kufungua tomato sosi. Alifundishwa na wageni kama sisi, chipsi moja baada ya nyingine, kwa sababu tulitaka picha. Akishazoea, huacha kuogopa. Akishaacha kuogopa, hung'ata. Akishang'ata, hakuna mkahawa utakaomwekea manati tupu.

Kwa hiyo nendeni Thika, wapenzi wawili wawili, hata kwa siku moja. Ni karibu, ni rahisi, na mtacheka kuliko waliokwenda Kruger. Kilimambogo chukueni askari na mbebe maji kwenye chupa ya kudumu. Fourteen Falls, kijana wa mashua akiwaambia ni kiboko, mwaminini na mkae chini. Mkahawani ketini ndani, na chipsi zikibaki, ombeni mfungiwe mwende nazo nyumbani. Tumbili msimpe hata moja.